Mwenye Jina Hakupenda Mpira

Gasorwe, 6 Mei 2024

Egidius,

Huna haya. Naanza na hilo ili usidhani nimekuandikia kukupongeza.

Barua yako Zihalirwa, yule mama wa vitenge, amenifikishia, pamoja na picha. Umevaa suti ya michezo, filimbi shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Unasema umefanywa kocha mkuu wa timu hapo Gitega, sio msaidizi tena. Vizuri. Nimeiweka picha ukutani. Lakini chini ya barua umeandika, "Mjukuu wako, Elikana."

Mimi uniandikie hivyo? Watu wa redio waandikie. Kwenye jezi andika. Mkeo hukumwambia, shauri lako. Lakini Elikana nilimwosha kwa mikono hii, nikamfunga kwa kitenge changu kizuri kuliko vyote, babu yako Yakobo akachimba, tukamlaza kule Ulyankulu nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Alikuwa na miaka tisa. Wewe ni kaka yake. Una miaka arobaini, sio thelathini na saba kama yanavyosema makaratasi yako.

Sasa sikiliza. Tulipotoka Tanzania kurudi kwetu Burundi, mama yako Jovina, aliyekufa mkiwa wadogo, tulimfanyia kuganduka. Babu yako alipokufa, mwaka ulipotimia tukamfanyia. Wewe ulikuja na miwani ya jua, ukakaa kama balozi. Umeona inavyokwenda: pombe ya mtama inapikwa, watu wanakaa, msemaji anasimama, anamtaja marehemu kwa jina lake, anauliza nani amebaki na kitu chake, basi msiba unaondolewa na watu wananyolewa. Elikana peke yake hakufanyiwa. Ningewaambia nini majirani? Wao kila Jumapili walikuwa wanamsikia redioni akifunga magoli.

Miaka ishirini na nane msiba wa mtoto yule umekaa ndani ya nyumba yangu kama mgeni ambaye hakuna anayemwuliza kama amekula.

Nataka kumfanyia kiangazi hiki. Kwa jina lake. Na wewe uwepo, na jina ulirudishe.

Usinipigie simu. Kwenye simu nikitaja jambo hili mtandao wako unakatika. Andika.

Bibi yako,
Anisia


Yoba, Gitega, 20 Mei 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa kwenye choo cha uwanjani, mlango nimeufunga. Ujue jinsi ulivyonitisha.

Nakuomba Bibi, usiandike tena mambo yale kwenye karatasi. Huko Gasorwe ni maneno ya bibi na mjukuu. Hapa ni kitu kingine. Leseni yangu ya ukocha ina jina la Elikana. Kitambulisho changu, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu Providence, mikataba yote ya Tabora, Mwanza na Bujumbura. Ni sweta moja hilo. Ukivuta uzi mmoja nabaki uchi mbele ya watu.

Na unanigombeza kwa jambo ambalo sikulipanga. Alikuja mtu kutoka Tabora, anatafuta vijana wa chini ya miaka kumi na saba. Mimi nina kumi na tisa. Babu Yakobo akaniita, akanipa cheti cha ubatizo cha mdogo wangu, akasema, "Nenda." Hakusema neno la pili. Mimi ni nani nimkatalie Babu? Na ule mpira ndio uliotulisha. Bati lililo juu ya kichwa chako ni magoli yangu ya Mwanza, kabla goti halijavunjika.

Kuhusu kuganduka, kiangazi hiki siwezi. Mwezi wa saba nina majaribio ya wachezaji, mwezi wa nane ligi inaanza, na magari hayana mafuta, watu wanalala kwenye vituo. Nimefikiria njia nyingine. Nitamwomba padre wa hapa aseme misa kwa nia ya familia, bila kutaja jina. Mungu si anajua ni nani.

Mke wangu Donatienne anakusalimu. Providence amekuwa wa tatu darasani.

Mjukuu wako,
Elikana
(Samahani Bibi. Mkono umezoea.)


Gasorwe, 3 Juni 2024

Egidius,

Mkono umezoea. Na mwizi mkono wake umezoea.

Unasema magari hayana mafuta. Zihalirwa ni mama wa Kikongo, ana miaka hamsini na sita na mabunda manne ya vitenge, na anafika soko la Muyinga kila wiki ya pili. Yeye anasukumwa na upepo? Sema hutaki.

Na misa ya mtu asiyetajwa ni misa gani? Mungu anajua, ndiyo. Mungu alijua tangu mwanzo, hakuwa na shida. Wasiojua ni watu. Kuganduka ni kwa ajili ya watu.

Nikuulize, unamkumbuka hata kidogo? Maana nimeanza kuwa na wasiwasi kwamba umelivaa jina mpaka mwenyewe amekutoka kichwani. Elikana alikuwa na njiwa. Wawili alipewa na mzee wa kanisani, wakawa kumi na mmoja, kila mmoja ana jina. Alikuwa na pengo la mbele, akipiga mluzi unatoka upepo mtupu, na njiwa walikuja hivyo hivyo. Mpira hakuupenda. Ulimwita mara ngapi aje akae golini? Alisema, "Mpira unaumiza, tena hauna manyoya." Yule mtoto ndiye watu wa Mwanza walimwimba uwanja mzima. Mimi nikisikia nilikuwa sijui nicheke au nilie.

Zihalirwa akikwambia nakohoa, ni moshi. Kuni za mwaka huu ni mbichi. Mimi mzima.

Nimepanga siku. Jumamosi tarehe kumi, mwezi wa nane. Mjomba wako Kasiano atakuwa msemaji. Yeye nimeshamwambia ukweli wote. Alivuta tumbaku yake yote, akasema, "Basi nilikuwa nashangilia marehemu." Halafu akakubali.

Nijibu. Na usaini vizuri.

Bibi yako,
Anisia


Yoba, le 17 Juin 2024

Nyanya Anisia,

Jambo sana. Ni miye Donatienne, muke wa mjukuu wako. Unisamehe, Kiswahili yangu iko ya Uvira, tena ya kusema, haiko ya kuandika.

Barua yako Mama Zihalirwa aliiacha juu ya meza. Unajua yeye ni ndugu ya mama yangu, kwangu anaingia bila kupiga hodi. Mjukuu wako alikuwa kwa entraînement ya timu yake. Nilizani iko mambo ya shamba, njo nikafungua.

Nilisoma mara mbili. Nikaweka maharagi kwa moto. Nikasoma tena.

Alipoingia nikamuuliza, "Egidius ni nani?" Nyanya, ule mwanaume alikaa chini kama mutu wamekata miguu. Kiisha akainama kufunga kamba ya viatu. Alifunga, akafungua, akafunga. Akasema, "Bibi amezeeka. Akili yake inaruka. Anachanganya watoto." Hakuniangalia. Nikasema, bon, ni uzee, koko yangu, mama ya mama yangu, pia alifikaka pale. Lakini usiku sikulala juu ya kuwaza wale njiwa. Mutu mwenye akili inaruka hawezi kukumbuka njiwa kumi na moja.

Alors nakuuliza weye. Nimeolewa na nani? Miaka kumi na moja niko ndani ya nyumba yake, nimemuzalia mutoto. Mbele ya padre nilisema jina, nilisema kwa sauti, kanisa yote ilisikia. Nilisema jina ya nani?

Kama uko mgonjwa ya kichwa, uniambie, nitakuja kukuogesha na kukupikia, sitakucheka. Kama hauko mgonjwa, uniambie pia. Yote mbili naweza kubeba. Kutokujua njo siwezi.

Yeye hajue kama nakuandikia.

Donatienne


Gasorwe, 27 Juni 2024

Mwanangu Donatienne,

Unaniita Nyanya kama kitu cha kutia kwenye mchuzi, lakini umeandika kama mtu mzima, kuliko yule mwenye filimbi. Kaa chini nikujibu.

Kwanza, kichwa changu kizima. Yeye amekuambia nimerukwa na akili? Basi mimi niliyerukwa na akili nina miaka sabini na sita, niliingia Tanzania mwaka wa sabini na mbili nikiwa nimemshika mama yake mkono, kusoma nimefundishwa kwenye kisomo cha watu wazima jioni baada ya kupalilia, na mpaka leo naandika mwenyewe bila miwani. Siku nikiwa mwehu nitamtumia taarifa.

Pili, ni kweli. Mumeo ni Egidius. Elikana ni mdogo wake, alikufa kwa homa.

Tatu, hili yeye mwenyewe halijui, na wewe unalisikia kabla yake. Yeye anadhani Yakobo ndiye aliyempa cheti. Mkono ulikuwa wa Yakobo. Mwenye kutoa ni mimi. Mtu wa mpira alipokuja, nilifungua sanduku nikatoa kile cheti nikakiweka mezani. Yakobo alikataa siku mbili. Alisema, "Anisia, hiyo sio karatasi, hiyo ni mtoto." Nikamwambia, "Mtoto amekufa, karatasi ingali hai. Ifanye kazi." Siku ya tatu akaichukua, akampa Egidius, akarudi kulala mchana, yeye ambaye hakulala mchana maisha yake.

Unataka kujua kwa nini. Hata mimi nilisema ni kwa ajili ya Egidius, apate maisha. Ni kweli nusu. Nilijua nusu nyingine Jumapili moja, nilikuwa nachambua maharage, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema, "Elikana. Bado Elikana. Anakwenda, Elikana." Donatienne, ilikuwa miaka saba hakuna mtu aliyemwita mtoto wangu kwa sauti. Mtu akifa mdogo watu wanaogopa kumtaja mbele yako, wanaona wanakusaidia. Sasa mwanaume nisiyemjua, mbali huko, anamwita na kumwita, na watu wanapiga kelele kwa furaha. Niliacha maharage yakamwagika. Kuanzia siku hiyo sikukosa mechi. Babu alikuwa anatoka nje. Mimi nilikuwa nasogeza sikio.

Nilijificha ndani ya ile redio miaka kumi na miwili. Goti la mumeo lilipovunjika, redio ikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule wa kaburini nilimwacha peke yake, sikumlilia machozi yakaisha, sikumwondolea msiba, nikawa nashangilia.

Kwa hiyo nikimgombeza mumeo, nagombeza kwa mdomo mkubwa. Ujue hivyo.

Umeuliza umeolewa na nani. Hujaolewa na maiti. Umeolewa na mwanaume mwoga, hao ni wengi, na kuna waliopata wabaya zaidi. Usimfukuze. Msomee barua hii, yote, akiwa amekaa. Akiinama kufunga kamba za viatu, mvue viatu.

Bibi yako,
Anisia


Gasorwe, 15 Julai 2024

Egidius,

Wiki mbili na nusu. Zihalirwa amepita mara moja, mikono mitupu. Nimemwuliza, akasema, "Mama, ile nyumba iko kimya, hata sufuria hailie." Nimemwuliza mnakula, akasema mnakula.

Mtama nimeupata, gunia moja. Siku haijabadilika.

Unaweza kuninunia. Lakini ninunie kwa maandishi.

Anisia


Yoba, Gitega, 22 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo.

Donatienne alinisomea barua yako amesimama mlangoni ili nisitoke. Viatu alinivua kweli. Alipomaliza aliikunja, akaenda kulala na mtoto. Tangu siku ile haniiti jina lolote. Ananiambia "wewe". Providence ndiye aliyeuliza, juzi, mezani, "Sasa chakula kikipoa, Baba utamwita nani?" Mama yake akaanza kucheka, halafu hakucheka tena.

Nilikusingizia uzee. Sina la kusema juu ya hilo. Nisamehe ukiweza.

Nikueleze yaliyotokea, maana utayasikia kwa wengine.

Tarehe kumi na tatu tulikuwa na majaribio ya timu ya vijana. Alikuja mama mmoja kutoka Makebuko, ametembea tangu alfajiri, na mwanawe, jina kwenye cheti ni Nazario. Kijana ana mguu wa kushoto ambao sijauona tangu nianze kazi hii. Msaidizi wangu Twaha akaliandika jina kabla hata hajamaliza kucheza. Nikamwita kijana, nikamwuliza, "Umezaliwa lini?" Akanijibu sijafunga mdomo. Siku, mwezi, mwaka.

Bibi, kijana wa kijijini ukimwuliza hivyo hutazama juu, humtazama mama yake, huanza na mvua za mwaka fulani. Anayejibu kama risasi amefundishwa. Mimi nilifundishwa siku nne, Babu ananiuliza kila tunapofika mwisho wa mstari wa tumbaku, nikikosea tunarudia.

Nikamvuta mama pembeni. Nikamwuliza kwa upole, "Mwenye cheti hiki yuko wapi?" Alitazama chini, akawa anachimba udongo kwa kidole cha mguu. Nikajua yuko wapi.

Nilimrudia Twaha nikalikata jina. Twaha akasema, "Kocha, umelogwa? Huyu ni dhahabu." Nikamwambia, "Anacheza kwa cheti cha marehemu." Akasema, "Nani hajui? Nusu ya hawa wana vyeti vya ajabu. Wewe umekuwa padre lini?" Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mimi pia nilicheza kwa cheti cha marehemu."

Yule kijana aliondoka na mama yake bila kuniaga. Sijui kama nilimtendea haki. Mlango niliopitia mimi nimemfungia yeye, na mimi nimekula miaka ishirini ndani. Nawaona wakipanda kilima cha njia ya Makebuko mpaka leo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa timu nikamwambia yote. Akasema nirudi nyumbani nikalale, kila mtu ana lake, mechi ya kwanza ni karibu. Nilirudi. Sikulala. Niliandika barua mwenyewe kwa shirikisho la mpira, nikaeleza kuanzia Ulyankulu. Sasa leseni yangu imezuiwa mpaka waamue, na timu ameshika Twaha. Filimbi nimemkabidhi. Ananionea aibu, akiniona barabarani anavuka. Nina goti moja zima, Bibi, na kazi moja ninayoijua, na sidhani kama nitaifanya tena. Asubuhi saa kumi na mbili miguu inaamka yenyewe kwenda uwanjani. Nafika kwenye kona ya Yoba nageuka.

Donatienne, siku niliporudi bila filimbi, alinipakulia chakula mwenyewe. Akakaa mpaka nikamaliza.

Zihalirwa ameniambia sio moshi. Amesema unatema damu kwenye kitambaa na unakificha chini ya mkeka, na kwamba ukitembea unashika ukuta. Kwa nini hukusema?

Nitakuja tarehe kumi. Lakini usiniambie nisimame, Mjomba Kasiano aseme kwa niaba yangu. Sio kwa sababu ya watu. Watu nimekwisha waambia. Ni kwa sababu ya baiskeli.

Hujawahi kuitaja, nami sijawahi. Siku ile baiskeli ya Babu ilikuwa na mimi. Nilikwenda nayo kijiji cha pili kucheza mpira. Nilifunga magoli mawili. Nilikuwa narudi naimba, nikaona watu wamekaa mbele ya nyumba. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu na nusu saa kwa baiskeli. Nimeipiga hesabu hii kila usiku kabla ya mechi, maisha yangu yote. Msemaji atakapouliza nani amebaki na kitu cha marehemu, nitasema nimebaki na jina? Nimebaki na zaidi ya jina.

Jina hili la chini sijaliandika tangu darasa la saba.

Mjukuu wako,
Egidius


Gasorwe, 1 Agosti 2024

Egidius,

Umesaini vizuri. Herufi ya mwisho umeipinda kama ulivyoipinda ukiwa mtoto. Mwalimu alikuchapa kwa ajili yake, bure.

Naandika nimelala, mistari itapanda na kushuka, fuata tu.

Nilijua ya baiskeli. Unadhani ni nani aliyekupa? Ni mimi. Elikana aliamka na homa kidogo, nikasema ni ya kawaida, nikakuambia chukua baiskeli uende, urudi kabla jua halijachwa. Ulirudi kabla jua halijachwa. Ulitii. Alianza kutetemeka saa nne. Babu yako akambeba mgongoni, akakimbia naye, yeye na umri wake. Alifia mgongoni. Yakobo hakujua, aliendelea kukimbia, anaongea naye mpaka zahanati.

Sitakudanganya eti baiskeli isingesaidia. Labda ingesaidia. Labda wangefika dawa hakuna, kama ilivyokuwa mara nyingi. Labda. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na mwenye makosa ya kusema homa ni ya kawaida ni mtu mzima.

Sasa kuna jambo ambalo Donatienne sikumwandikia, kwa sababu lilikuwa lako. Nilikukasirikia. Nilijua huna kosa, bado nilikukasirikia, miaka na miaka, nikikupakulia, nikikufulia. Nilipokitoa kile cheti nilitaka upate maisha, na nilitaka kusikia jina. Na nilitaka ulibebe. Kila utakaposhangiliwa ushangiliwe kwa jina la yule aliyeikosa baiskeli. Sikukupa jina, nilikutwika. Bibi anayefanya hivyo ni mtu mbaya. Nimekuwa mtu mbaya miaka ishirini na moja na hakuna aliyekuja kuninyang'anya filimbi.

Uliyoandika ya yule kijana wa Makebuko nimeyasoma mara nyingi. Sijui ulitenda vyema au vibaya. Ninajua kwamba kwenye nyumba fulani kule kuna mtoto anayetajwa tena kama marehemu, na mama yake analia vizuri.

Zihalirwa ana mdomo, na amesema kweli. Sio moshi. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kwa ajili yangu, nami nilitaka uje kwa ajili yake.

Sasa fanya hivi.

Uje Ijumaa, usingoje Jumamosi. Uje na Donatienne na Providence. Miwani ya jua iache Gitega. Njiani, soko la Muyinga, tafuta njiwa wawili, dume na jike, uwabebe kwenye kapu lenye matundu, na uwape maji. Mwenye jina hatakusamehe wakifa njiani.

Nywele usinyoe huko. Nitakunyoa mimi. Mkono ukikataa, wembe atashika mkeo.

Mtama nimeuvumbika tangu jana, kimea kinaanza kutoa ncha. Mke wa Kasiano anajua kupika pombe, usimwingilie.

Kasiano akisimama akiuliza nani amebaki na kitu cha Elikana, utasimama wewe. Sio Kasiano, sio padre. Utasema, "Mimi Egidius, kaka yake, nimebaki na jina lake. Nalirudisha." Ya baiskeli usiyaseme pale, hayo ni yetu wawili na tumekwisha yasema. Nami nitasimama baada yako, au nitaketi, au watanibeba na mkeka, niseme la kwangu. Nikiwa siwezi kusema, Donatienne atasoma ile barua yangu, yote, pamoja na pale pa redio.

Cheti chako cha ubatizo kiko chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cha bluu. Hakuna aliyekitumia. Kichukue.

Na kama mkifika Ijumaa mkinikuta nimekwenda, funga mlango wa chumba changu, weka ufunguo mfukoni, na asilie mtu. Jumamosi ni yake. Mtaje, mnywe, mnyolewe, njiwa waachiwe. Mimi nizikeni Jumapili. Msiba wangu mtakuja kuuondoa mwaka ukitimia, usichelewe hata siku moja.

Kwanza yeye.

Bibi yako,
Anisia